Kitwitwi na Tawakkul: Somo Kutoka Kando ya Ziwa Letu



Ndugu zangu wanafunzi, somo la toleo hili limetokana na mabishano madogo, na aliyekosea katika mabishano hayo ni mimi. Nayaeleza ili yatufae sote, maana kosa la mtu mmoja likizungumzwa vizuri huweza kuwa darsa la wengi.

Ilikuwa mwezi wa tisa, baada ya swala ya Ishaa. Tulikuwa tumekaa kwenye mkeka tukizungumza juu ya rizki. Kati yetu alikuwapo kaka mmoja aliyetutangulia kumaliza masomo. Akasema kwa sauti ya chini: “Mimi sasa nimeacha kuhangaika. Ndege hana diploma wala mshahara, na Mola wake hamsahau. Nitakaa kama ndege.”

Wenzangu wengine walitikisa kichwa kukubali. Mimi ninayesoma biolojia nikaona nimepata pa kuonyesha elimu yangu. Nikamwambia mbele ya watu wote: “Kaka, ndege gani huyo anayekaa? Kesho baada ya Alfajiri twende Ntahangwa nikuonyeshe ndege anavyofanya kazi.” Watu wakacheka. Yeye hakucheka, lakini alisema atakuja.

Yaliyotokea asubuhi yake nitayasimulia huko mbele. Kwanza tumjue ndege mwenyewe, kwa sababu si vizuri kuchukua mafunzo kwa kiumbe usiyemjua.

Ni ndege gani?

Kati ya mwezi wa nane na mwezi wa nne, teremka kwenye mawe ya mto Ntahangwa unapopita mjini, au nenda ufukweni upande wa Kajaga asubuhi kabla watu hawajawa wengi. Utamwona ndege mdogo, mara nyingi peke yake, anatembea pale maji yanapogusa mchanga. Mgongo wake ni wa kahawia, tumbo ni jeupe, na ule weupe unapanda kidogo mbele ya bawa. Mdomo wake ni mrefu na umenyooka. Jambo litakalokuonyesha kuwa ndiye ni mkia: hautulii. Akisimama unapanda na kushuka, akitembea unapanda na kushuka.

Siku za mwanzo nilimdhania kuwa ni inyamanza, yule ndege mweusi na mweupe tunayemwona kwenye nyua zetu, kwa sababu naye hutikisa mkia. Lakini inyamanza huja mpaka mlangoni, na huyu haachani na maji. Ukimshtua, anaruka chini chini juu ya maji, mabawa yamekakamaa, anapiga mapigo mafupi kisha anateleza hewani, huku akilia kwa sauti nyembamba: twi-wi-wi. Waswahili wa pwani huwaita ndege wadogo wa ufukweni vitwitwi, na ukimsikia huyu mara moja utaona jina hilo linamkaa sawasawa.

Kwa wanasayansi anaitwa Actitis hypoleucos. Neno la kwanza maana yake ni mkaaji wa pwani, na la pili ni mwenye weupe chini. Urefu wake ni kama sentimita 20, na uzito wake ni gramu 50 hivi. Ukiweka yai la kuku kwenye kiganja chako, umeupata uzito wa kitwitwi, na huenda yai likamzidi.

Chakula chake ni wadudu: nzi, mbawakawa, buibui, minyoo, na viumbe wadogo wa majini. Humnyemelea mdudu akiwa ameinamisha kichwa, kisha anamdaka kwa haraka. Kule kwenye delta ya Rusizi anaweza kusimama hata juu ya mgongo wa kiboko aliyezama nusu, kana kwamba ni jiwe kama mawe mengine.

Anatoka wapi?

Ndege huyu hakuzaliwa kwetu. Vitwitwi wa aina hii hutaga kando ya mito na maziwa ya Ulaya na Asia, kuanzia Uingereza mpaka Japani. Huko, mwezi wa tano na wa sita, jua linakaa muda mrefu angani na wadudu ni wengi mno. Jike hutaga mayai manne kwa kawaida, kwenye kishimo kidogo ardhini kati ya majani. Baba na mama huatamia kwa zamu kwa muda wa wiki tatu hivi. Vifaranga wakianguliwa huanza kutembea na kujitafutia chakula siku zile zile. Mara nyingi mama ndiye anayetangulia kuondoka, na baba hubaki kuwalinda mpaka wanapokaribia kuruka, kiasi cha wiki nne.

Kisha baridi inakaribia. Maji yatageuka barafu na wadudu watapotea. Basi wanaondoka kwenda kusini: wengine India, wengine Australia, wengine Afrika. Wale wa Scotland waliofungwa vifaa vidogo vya kurekodi safari walionekana kukaa Afrika Magharibi. Wanaokuja pande zetu za mashariki huaminika kutoka zaidi Ulaya ya mashariki na Urusi. Kutoka Moscow mpaka Bujumbura, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 6,000. Ndege mwenye uzito wa yai anaikata njia hiyo, mara nyingi usiku, akivuka milima, bahari na jangwa. Na mwezi wa tatu na wa nne anairudia.

Watu walijuaje?

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya hawakujua ndege wao wanakwenda wapi majira ya baridi. Wako walioamini kwamba wengine wanalala mafichoni kama wanyama wa baridi, na wako waliosema mbayuwayu wanazama kwenye matope. Mwaka 1822, huko Ujerumani karibu na Klütz, alionekana korongo mweupe akiwa na mkuki uliompenya shingoni. Mti wa mkuki ule ulikuwa wa Afrika ya kati. Ndege alikuwa amechomwa huku kwetu na akaruka na jeraha lake mpaka Ulaya. Mwili wake umehifadhiwa mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Rostock.

Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwafunga ndege pete nyepesi mguuni zenye namba na anwani, ili atakayemwokota ndege popote aandike barua. Leo kuna vifaa vya kuwafuatilia kwa setilaiti. Mwaka 2022 ndege mchanga wa jamaa ya vitwitwi, mkubwa kuliko huyu wetu, alifuatiliwa kutoka Alaska mpaka Tasmania: kilomita 13,560, siku 11, bila kutua hata mara moja.

Ndugu msomaji, usidhani kuchunguza ndege ni mambo ya wageni tu. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 wa Hijra, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama, Kitab al-Hayawan, akikusanya aliyoyaona na aliyoyasikia kwa wavuvi, wawindaji na mabedui. Na Basra ni mji uliopakana na mabwawa makubwa, ambako ndege wa aina hii hupita. Qur’ani yenyewe inatuelekeza huko: katika Surat al-Mulk, aya ya 19, tunaambiwa tuwatazame ndege juu yetu wanavyokunjua na kukunja mabawa, na katika Surat al-An’am, aya ya 38, tunafundishwa kwamba ndege nao ni umma mfano wetu. Mtu hawezi kuyatafakari asiyoyatazama.

Safari inavyoandaliwa

Hapa ndipo palipokuwa na hoja yangu ya siku ile. Kabla ya safari ndege wa aina hii hula kuliko kawaida, siku nyingi mfululizo. Chakula kile hugeuka mafuta chini ya ngozi na tumboni, na mafuta hayo ndiyo petroli yake. Kitwitwi wa gramu 50 anaweza kuongezeka sana uzito kabla ya kuruka. Kwa baadhi ya jamaa zake wanaosafiri mbali, hata firigisi hunywea kabla ya safari ili kupunguza mzigo, kisha hurudi hali yake baada ya kufika.

Njia anaijuaje? Majaribio mengi yameonyesha kwamba ndege wasafiri hutumia jua, nyota, na nguvu ya sumaku ya ardhi. Ajabu kubwa zaidi iko kwa vifaranga. Wakubwa hutangulia kuondoka, tangu mwisho wa mwezi wa sita au mwezi wa saba. Watoto hufuata wiki kadhaa baadaye, bila kiongozi, kwenda mahali ambapo hawajawahi kupaona. Hakuna aliyewachorea ramani, na wengi wanafika. Akifika, kitwitwi huchagua kipande chake cha ufukwe, hukilinda dhidi ya wenzake, na mwaka unaofuata anaweza kurudi pale pale.

Hadithi aliyoitegemea kaka yetu ni ile iliyopokewa na Umar ibn al-Khattab (R.A.), naye Imam at-Tirmidhi ameiweka katika mkusanyo wake. Inamtolea mfano ndege kwa wenye kumtegemea Mwenyezi Mungu sawasawa. Lakini ndege anayetajwa humo hakai kiotani: anaondoka asubuhi tumbo likiwa tupu, na kushiba kunakuja baada ya kuondoka. Wanazuoni wengi wameisoma hivyo, kwamba kutoka ni sehemu ya tawakkul. Hoja hiyo nilikuwa nimeiandaa usiku kucha, pamoja na mafuta, nyota na kilomita.

Yaliyotokea Ntahangwa

Asubuhi kaka alikuja kama alivyoahidi. Tulisimama karibu na daraja, na haikupita robo saa kitwitwi akatua kwenye jiwe. Nikaanza kueleza. Nikamweleza uzito, safari, barafu, mafuta. Nikamalizia na hadithi. Yeye alikuwa akimtazama ndege tu, akanyamaza mpaka nikachoka mwenyewe.

Kisha akafungua begi lake akatoa faili la plastiki. Ndani mlikuwa na nakala za diploma, vyeti vya kuzaliwa na barua za maombi. Akasema: “Mdogo wangu, umesema ndege anaondoka asubuhi na njaa. Mimi nimeondoka asubuhi miezi kumi na minne. Barua thelathini na saba nimepeleka kwa miguu yangu. Waliojibu ni wawili, wote wamekataa. Jana nilitafuta neno zuri la kusema kwamba nimechoka, wewe ukanifanya kichekesho mbele ya wadogo zangu.”

Sikuwa na la kujibu. Nilimwomba msamaha pale pale mtoni, na jioni yake nikamwomba tena mbele ya wale waliocheka, maana kosa lilifanyika mbele yao. Nilijua hadithi ilipopokewa, sikujua hali ya ndugu yangu niliyeswali naye bega kwa bega mwaka mzima.

Tulipokuwa tunapanda kurudi aliniuliza swali moja: “Huyo ndege wako, akichoka njiani anafanyaje?”

Hilo ndilo nililoliacha katika hotuba yangu yote.

Akichoka njiani

Anatua, na hapo pa kutua ndipo penye uhai wake. Kitwitwi haruki kilomita 6,000 kwa tumbo moja. Anashuka kando ya mto au ziwa, anakula, anapumzika, anarudisha mafuta yaliyoisha, ndipo anaendelea. Ukimwondolea kituo kimoja, kile kilicho mbele kinaweza kuwa mbali kuliko nguvu zake. Ndege mwenye juhudi zote na ilhamu yote aliyopewa na Mola wake anaweza kufa kwa sababu tu mahali alipozoea kutua pamekuwa ukuta, au shimo la mchanga, au jalala.

Kwa maana hiyo sisi wa Bujumbura tunaishi kwenye mlango wa nyumba yake. Mto Rusizi unatoka ziwa Kivu na kumwaga maji yake katika Tanganyika, kilomita chache tu kutoka mjini, kwenye njia ya Gatumba. Matete, mabwawa na michanga ya delta hiyo hupokea vitwitwi na jamaa zao wengi kila mwaka, pamoja na viboko na mamba wanaokaa humo. Mwaka 2002 delta hiyo iliandikishwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, chini ya mkataba uliotiwa saini tarehe 2 mwezi wa pili mwaka 1971 katika mji wa Ramsar, nchini Iran.

Ardhi oevu si ya ndege peke yao. Matete hupunguza kasi ya maji na kuzuia matope yasijae ziwani, na samaki hukulia humo. Tunakumbuka mwezi wa nne mwaka 2020, Rusizi ilipofurika na maelfu ya watu wa Gatumba wakahama na magodoro vichwani. Miaka iliyofuata ziwa nalo lilipanda na kuingia katika nyumba. Mvua ni ya Mwenyezi Mungu, na hakuna matete yatakayozuia kila gharika. Lakini tukilima mpaka kwenye ukingo wa mto na kujenga pale maji yanapotanuka, tunajiondolea kinga tuliyopewa. Anayehamishwa na maji yale naye anahitaji pa kutua.

Tuikumbuke pia habari aliyoisimulia Ibn Mas‘ud (R.A.), iliyomo katika mkusanyo wa Abu Dawud. Masahaba walichukua makinda wawili wa ndege wakiwa safarini, na mama yao akaja akitapatapa. Mtume (S.A.W.) alipoona aliuliza ni nani aliyemtia uchungu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Katikati ya safari, kiongozi alisimama kwa ajili ya ndege.

Tulichofanya

Baada ya siku ile tulikubaliana mambo mawili katika kikundi chetu. La kwanza ni kwamba wenzetu waliomaliza masomo wasiwe wageni kwetu. Kila Jumamosi tunakusanya matangazo ya kazi tuliyoyaona, tunachanga fedha za fotokopi na nauli, na mmoja anayejua kuandika barua anawasaidia wengine. Kaka yetu hajapata kazi ya diploma yake bado. Jioni anafundisha hesabu watoto wa sekondari huko Buyenzi, na wazazi wanamlipa kidogo kidogo. Yeye mwenyewe ameniruhusu kuandika haya, kwa sharti nisimtaje jina.

La pili, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunashuka mtoni au ufukweni tukiwa watu watano au sita. Tunahesabu vitwitwi, tunaandika tarehe na mahali kwenye daftari, na tunaokota chupa na mifuko kiasi cha mikono yetu. Si kazi kubwa. Kaka ndiye anayeshika daftari, na anamtambua kitwitwi kwa mbali kuliko mimi.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Kitwitwi mchanga anasafiri bila mzazi, lakini hasafiri bila maandalizi. Katika masomo yako, ni sehemu gani umeiita tawakkul na kumbe hujaiandaa?

2. Kuna tofauti gani kati ya mtu aliyeacha kujitahidi na mtu aliyechoka baada ya kujitahidi? Utamjuaje mmoja na mwingine bila kumuuliza?

3. Katika mtaa wako ni wapi ambapo mtu au kiumbe aliyechoka anaweza kutua? Nani anapaharibu, nani anapatunza?

4. Soma Surat al-An’am, aya ya 38, pamoja na tafsiri yake. Kama ndege ni umma, umma huo una haki gani juu yetu?

Ninapoandika haya mwezi wa tatu umeanza, na kitwitwi wa daraja la Ntahangwa amenenepa. Wiki chache zijazo jiwe lake litakuwa tupu. Tunamwomba Mwenyezi Mungu amfikishe, atufikishe na sisi, na atujaalie tuwe ufukwe kwa waliochoka.

Wabillahi tawfiq.